Urho Sormunen, Mkata Kona

Kabla ya vita Urho Sormunen alikuwa tarishi wa posta huko Nilsiä, wilaya ya kaskazini yenye vilima na maziwa, na barua alizipeleka kwa baiskeli. Watu walimjua kwa jinsi alivyoingia uani mwao. Alikuja mbio, akailaza baiskeli mpaka goti likakaribia kugusa changarawe, kuku wakatawanyika, na kabla mama mwenye nyumba hajafungua mdomo kumtukana, bahasha ilikuwa mkononi mwake na Urho kashatoka langoni.

"Siku moja utavunja shingo, wewe!"

"Siku hiyo barua zenu zitachelewa!" alijibu bila kugeuka.

Vita na Warusi vilipokuja akapelekwa chuo cha urubani, na huko angani alikuwa yule yule. Walimu walimpenda, na walimwogopa pia. Aliweza kuizungusha ndege kwenye nafasi ndogo ambayo mwingine asingethubutu hata kugeuza mkokoteni. Mwaka 1942, barafu ilipoanza kuyeyuka, alipewa cheo cha sajini na kupelekwa Hirvilampi, uwanja wa mchanga uliofichwa katikati ya misonobari ya Karelia. Palikuwa na ziwa dogo, vibanda vya magogo, sauna moja ya kuogea kwa mvuke, na mbu wasiohesabika. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na hakuna mtu aliyemwona akiwa na wasiwasi.

Ndege walizorusha pale ni zile za kiwanda cha Brewster: fupi, nene, mfano wa pipa la lami lililoota mabawa. Fundi wa ndege yake alikuwa Nestori Piiparinen, mzee wa miaka arobaini na tano kutoka Savo, na watu wa Savo hawajui kusema jambo moja kwa moja. Siku ya kwanza aliizunguka ndege pamoja na Urho, akampigapiga begani.

"Ni mnyama mpole huyu," akasema akiitazama ndege. "Ukimheshimu atakurudisha. Usipomheshimu, huenda pia akakurudisha, lakini si lazima iwe mzima mzima."

"Mzee, huyu mimi nitamfundisha kucheza ngoma."

"Mm," akasema Piiparinen, akaenda kutafuta spana.

Mkubwa wa kundi lao alikuwa Luteni Aarne Lindroos, mwembamba, mwenye masikio makubwa, aliyekuwa mwalimu wa hesabu huko Porvoo. Hakuwahi kupandisha sauti. Asubuhi moja ya Juni aliondoka na ndege nne, Urho akiwa ubavuni mwake, wakakuta ndege nane za Warusi zikienda upande wa reli. Zilikuwa zile za mabawa mawiliwili, moja juu ya jingine, ambazo marubani waliziita Shakwe. Zilikuwa nyepesi kama kishada, na kwa kuzunguka hazikuwa na mpinzani.

"Tunashuka mara moja, tunapiga, tunapanda," Lindroos alisema kwenye redio kwa sauti ile ile ya darasani. "Hakuna kuzunguka nao. Urho, umenisikia?"

"Nimesikia, Luteni."

Na kweli alisikia. Alishuka nyuma ya Lindroos, akafyatua, akakosa. Hapo angetakiwa kuinua pua na kupanda kwa kasi ile aliyoshuka nayo. Lakini Shakwe mmoja alikata kona mbele ya macho yake, kona nzuri, ya dharau, na mwili mzima ukamwasha Urho. Akavuta usukani akamfuata.

Mzunguko wa kwanza alimkaribia. Wa pili wakawa sare. Wa tatu akageuza shingo, akamwona yule bwana yuko nyuma yake.

Ndege inayokata kona kali ni kama mtu anayekimbia huku akikokota gogo. Kila mzunguko unaila kasi yake, na rubani asiyetaka kasi iishe inambidi ainamishe pua, ashuke kidogo. Akizunguka tena, anashuka tena. Urho aliingia kwenye ngoma ile akiwa mita elfu tatu juu ya ardhi. Alipokuja kutazama tena, aliona vilele vya misonobari, tena aliona mpaka mbegu zake. Kimo kimekwisha, kasi imekwisha, na risasi zinagonga bawa lake kama mvua ya mawe juu ya bati. Usukani ulikuwa umelegea mkononi. Hakuwa na pa kwenda, juu wala chini.

Kilichomwokoa ni kivuli. Lindroos alikuja kutoka juu kama mwewe, akapita katikati yao akifyatua, Shakwe akakwepa, na Urho akatambaa kurudi nyumbani juu kidogo tu ya vilele vya miti.

Piiparinen aliizunguka ndege mara mbili. Alihesabu matundu thelathini na moja. Kisha akapiga magoti penye gurudumu la mkia, akachomoa tawi la msonobari lenye urefu wa mkono.

"Sajini," akasema, "hivi uliagizwa kupigana au kukata kuni?"

Urho alitaka kucheka, midomo ikamkatalia. Lindroos alifika, akalitazama lile tawi, akamtazama Urho.

"Umekula?"

"Bado, Luteni."

"Kale. Kesho saa nne tutapigana, mimi na wewe. Bila risasi."

Siku ya pili yake kambi nzima ilitoka nje kutazama. Masharti yalikuwa mepesi: wakutane mita elfu tatu, kimo kimoja, kasi moja, ndege za aina moja, kisha kila mtu afanye ajualo. Urho moyoni alifurahi. Alisema, huyu mwalimu wa hesabu leo ataona.

Walipopishana tu, Urho akakata kona kali. Alipoimaliza, Lindroos hakuwepo. Hakuwa amegeuka hata kidogo. Alikuwa ameendelea mbele, akashuka kidogo kukusanya kasi, na sasa alikuwa mbali kule, anapanda taratibu, kwa raha zake, kama mtu anayepanda ngazi kwenda kulala. Urho akamfuata, lakini kasi alikuwa ameiacha kwenye ile kona. Lindroos akageuka huko juu, akashuka, akamjia uso kwa uso, akapita, akapanda tena. Urho akakata kona nyingine. Lindroos akashuka tena, safari hii kutoka nyuma. Akapanda tena. Ikawa hivyo kwa robo saa. Kila Urho alipozunguka, alikuwa chini zaidi. Kila Lindroos aliposhuka, alirudi kulekule alikotoka, karibu bila kupungukiwa.

Urho aliposhuka kwenye ndege shati lilikuwa limemganda mgongoni na uso umekuwa mwekundu kama kamba aliyechemshwa.

"Hukupigana!" alisema mbele za watu. "Umenikimbia tangu mwanzo mpaka mwisho!"

"Ndiyo," Lindroos akajibu.

"Haya si mapigano, Luteni. Huu ni wizi!"

"Sawa. Mimi ni mwizi." Lindroos akavua glavu zake, moja, kisha ya pili. "Na wewe ni maiti. Umekufa mara sita. Ya tatu ilikuwa mbaya sana, nilikuonea huruma."

Watu wakaangua kicheko. Urho akaondoka akipiga mateke mchanga, akaenda kukaa chini ya mnara wa walinzi wa anga.

Huo ulikuwa mnara wa magogo, na juu yake walishinda akina mama na wasichana wa chama cha Lotta, wanawake wa kujitolea kulisaidia jeshi, wakiwa na darubini, simu na redio, wakitaja ndege zinazokuja: ngapi, kutoka wapi, kimo gani. Zamu hiyo ilikuwa ya Sylvi Rautvuori, binti wa mkulima mwenye mikono mikubwa, ambaye kuona haya alikusikia kwa jirani tu. Alimaliza zamu, akashuka ngazi, akamkuta pale.

"Sajini, umesusa?"

"Napumzika."

"Unapumzika kwa kung'oa majani?" Akaketi kwenye gogo, akafungua kitambaa, akamkatia mkate wa shayiri na samaki wa chumvi. "Unajua, mimi nimeyaona mapigano mengi kuliko wewe. Nyinyi mko ndani, hamwoni kitu. Mimi nayaona yote."

"Haya, umeona nini?"

"Nimeshajua kumtambua atakayekufa. Dakika mbili kabla, naweza kukuonyesha." Hakuwa anacheka tena. "Ni yule aliye chini na bado anazunguka. Siku zote ni yeye. Jana ulikuwa wewe. Nilishashika simu niwaambie wapeleke watu msituni wakakutafute."

Urho aliacha kutafuna.

"Mbona Luteni haishiwi kimo?" akauliza baadaye. "Ndege zetu ni sawa. Injini ni ile ile."

"Sasa unaniuliza mimi? Wewe si ndiye ulikuwa unapeleka barua kwenye vilima vya Nilsiä? Ulikuwa unapandaje?"

Mtu huweza kujua jambo kwa miguu miaka sita bila kichwa kupata habari. Urho alikaa pale mkate mkononi, na akili yake ikaenda kwenye ile barabara ya kanisani, mteremko halafu mlima, mteremko halafu mlima. Hata siku moja hakufunga breki kwenye mteremko. Aliiachia baiskeli, kwa kuwa kasi ya mteremko ndiyo iliyompandisha nusu ya mlima unaofuata bure, na nusu iliyobaki ndiyo alikanyaga. Kona zake za mbwembwe alizikata uani tu, safari ikiwa imekwisha, mbele ya kuku. Angezikata njiani, chini ya kila mlima, jua lingemchwea na mfuko bado umejaa.

"Kimo ni mteremko ambao bado hujashuka," akasema polepole.

"Sijui. Mimi ni mtu wa ng'ombe," Sylvi akasema. "Lakini maliza samaki, nzi wanamtaka."

Jioni, jua likiwa bado linang'aa kama kawaida ya Juni, alimfuata Lindroos kwenye sauna. Pale ndani hakuna cheo. Mtu aliye uchi ni mtu tu.

"Nifundishe wizi," akasema.

Lindroos akamwagia mawe maji, mvuke ukawafunika. "Ulidhani yule mkata matawi ya msonobari nitamwacha hivihivi? Tunaanza kesho."

Wiki tano alifundishwa, na hakuna jambo lililomtesa kama hilo, kwa sababu somo lenyewe lilikuwa ni kuacha. Kushuka, kupiga, na kuacha. Hata aliyempiga asipoanguka, aache. Hata akimwonyesha mgongo na kumbembeleza, aache, apande, atazame, achague tena. "Mwenye kimo ndiye anayeamua kama kuna mapigano leo," Lindroos alirudiarudia. "Yeye ndiye anayefungua mlango, na yeye ndiye anayeufunga. Aliye chini hulala na wageni asiowaalika." Urho alijifunza kupanda kwa mkono mlaini, kwa kuwa kuvuta usukani kwa nguvu nako kunaila kasi. Alijifunza kusikiliza upepo kwenye kioo na kujua, bila kutazama saa za vipimo mbele yake, kasi iliyobaki. Piiparinen alianza kulalamika kwamba ndege inarudi bila hata tundu moja, atasahau kazi ya kuziba.

Mwezi wa Agosti, mchanga wa uwanja ukiwa bado na umande, mnara ukatoa taarifa: ndege za mabomu tatu, na Shakwe wa kuzilinda. Lindroos na Urho wakapaa wawili tu, wengine walikuwa doria kwingine. Walipanda kwa dakika kumi wakiwa na jua mgongoni. Lindroos akashuka kwanza, akaipiga ndege ya bomu ya kwanza ikaanza kutoa moto. Lakini mpiga bunduki wake wa nyuma hakuwa mtu wa mchezo, na risasi yake moja ikakata bomba la oili la Lindroos.

"Nimepofuka," sauti ya darasani ilisema kwenye redio. "Oili kwenye kioo. Nashuka kuelekea nyumbani."

Urho alikuwa bado juu, mita elfu nne na mia tano. Chini yake aliiona ndege ya Lindroos ikivuta uzi mweusi wa moshi, na Shakwe wawili wakijitenga na wenzao, wakigeuza pua kuufuata uzi ule.

Akashuka.

Pipa lile likishuka lilikuwa halina utani. Upepo ulipiga kelele, mabawa yakatetemeka, sindano ya kasi ikapita alama nyekundu aliyoipaka Piiparinen. Shakwe wa nyuma hakumwona kabisa. Urho alisubiri mpaka akaona mabaka ya rangi kwenye mkia wake, akafyatua kwa muda wa kukohoa, na Shakwe akavunjika bawa la juu, akaanguka akizunguka.

Wa pili alikuwa hodari. Alikata kona pale pale, kona safi ya kupendeza, akaja kukaa upande wa kushoto wa Urho akimwonyesha tumbo lake la buluu. Njoo, ilikuwa kana kwamba anamwambia. Njoo tucheze.

Urho alisema baadaye kwamba mkono wake ulikwenda wenyewe. Ulisogea nusu ya kiganja. Akaurudisha. Akainua pua kwa ulaini na kuondoka juu, na kasi yote aliyoshuka nayo ikaanza kugeuka kimo tena.

Shakwe akakasirika. Aligeuka akamfuata juu, pua ikiwa imeelekea mbinguni, akifyatua. Urho aligeuza shingo mpaka ikamuuma. Risasi zilipita chini ya miguu yake, karibu, lakini hazikufika. Hakuharakisha. Alipanda kiasi cha kumfanya mwenzake aone kwamba mita hamsini zaidi atampata. Mita hamsini zaidi. Mita hamsini zaidi. Naye Shakwe kasi yake aliimaliza zamani kwenye ile kona nzuri. Urho akamwona anapunguza, anapunguza, akabaki amening'inia kwa pangaboi lake kama chungu kwenye kamba, kisha mabawa yakaanza kuyumba, hewa ikakataa kumbeba, na pua ikaangukia upande mmoja.

Hapo ndipo Urho akakata kona. Moja tu, pale juu kabisa ambapo ndege ni nyepesi na kona haina gharama, akapinduka akamshukia. Akafyatua. Injini ya Shakwe ikatema moshi mweupe, na muda si muda mtu mdogo mweusi akajirusha nje, mwavuli ukafunguka juu ya ziwa.

Urho alimzunguka kwa mbali. Alimwona akigusa maji, akizama, akiibuka na kuanza kutapatapa na kamba za mwavuli. Ndiyo mara ya kwanza alimwona mmoja wao akiwa na mikono na kichwa.

Akabonyeza redio. "Mnara, kuna mtu ziwani. Upande wa mashariki, karibu na kisiwa cha mawe."

"Wetu au wao?" ilikuwa sauti ya Sylvi.

"Amelowa. Pelekeni mtumbwi."

Sylvi akajibu: "Unakwenda."

Walimtoa akiwa hai, kijana wa Ryazan mwenye meno mazuri, wakamfunika blanketi na kumpa kahawa ya mizizi. Aliionja, akakunja uso, akasema neno moja la Kirusi, na Piiparinen akatangaza kwamba hahitaji mkalimani: yeye pia huiita hivyo. Kisha gari likaja kumchukua kwenda kambi ya mateka, na Urho akabaki amesimama barabarani hata vumbi lilipotulia.

Lindroos alikuwa ametua salama, uso mweusi kwa oili, macho meupe kama ya bundi.

"Nimesikia ulikataa kona," akasema.

"Niliikataa moja, Luteni. Nyingine nilikata."

"Wapi?"

"Juu."

"Basi hiyo ni halali." Akampa mkono, akaushika muda mrefu kuliko desturi ya watu wa kwao.

Miaka miwili mbele mambo yaligeuka. Warusi walileta ndege mpya zenye injini kubwa, na marubani ambao somo lile lile walikuwa wamejifunza kwa uchungu wao. Julai 1944 Urho, akiwa na Lindroos ambaye sasa ni kapteni, alitazama juu akaona nukta kumi na mbili, na jua liko mgongoni mwao. Akajua mara moja nani mwenye mlango.

"Tunafanyaje, Kapteni?"

"Leo sisi ndio maskini wa kimo. Tunaondoka."

Waliinamisha pua wote wawili, si kwa ghafla, wakakusanya kasi mapema kabla hao wa juu hawajaanza kushuka, wakaenda zao chini chini juu ya ziwa na kupotelea katika mabonde ya msitu. Risasi zilirusha maji mbele yao. Hawakugeuka, hawakuzunguka hata nusu. Waliporudi, ofisa mmoja kutoka makao makuu aliuliza kwa nini hawakupigana. Lindroos alimtazama kama mwanafunzi aliyeshindwa kujumlisha, akaenda kuoga.

Septemba ile vita vikaisha kwao. Urho alimwoa Sylvi mwaka uliofuata, kanisani Kuopio, na Piiparinen akalewa akamwambia bibi harusi kwamba amepata mume asiyevuja sana. Posta hakurudi. Alipata kazi ya kurusha ndege ndogo ya kuelea majini, akipeleka vifaranga vya samaki, mafundi wa simu na madaktari kwenye vijiji vya kaskazini ambako barabara hazikufika.

Mwaka 1953 alimbeba daktari mmoja wa Oulu, mtu mwenye haraka, aliyeitwa kumwona mzazi aliyeshikwa na uchungu kijiji cha mbali. Urho alipanda, akaendelea kupanda.

"Bwana Sormunen," daktari akasema, "safari yenyewe dakika ishirini. Tunakwenda kumsalimia Mungu?"

"Tumekaribia, Daktari. Kidogo tu."

Katikati ya njia injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Petroli ilikuwa imeingia maji. Chini yao ulikuwa msitu, kila upande msitu, na mbali kule, kushoto, ziwa moja lenye umbo la kiatu. Daktari alishika kiti kwa mikono yote miwili. Urho akainamisha pua kidogo, akatulia, akasikiliza upepo kwenye kioo. Alipita juu ya vilele vya mwisho vya miti akiwa na kimo cha kubaki, akaiweka ndege majini kwa wepesi, kama mtu anayeweka kikombe mezani bila kutaka kumwamsha aliyelala.

Wakaelea. Kisha Urho akatoa bomba la kutolea maji yaliyoingia kwenye tangi, akafungua sanduku la vifaa, akampa daktari uzi na ndoana.

"Kazi hii ni nusu saa," akasema. "Sangara wa ziwa hili wanakula vizuri saa hizi. Na mzazi usimhofie, wakunga wa kule ni hodari."

Walifika wakiwa wamechelewa dakika arobaini, na sangara sita. Mtoto alikuwa ameshazaliwa, wa kike, analia kwa afya. Daktari alimpima, akanawa mikono, akala samaki watatu peke yake.